Ala ya mkasi wa kupogolea: ngozi ya magome, maji na sindano mbili

Pita kwenye mashamba ya parachichi ya Rungwe au Njombe msimu wa kupogoa, utakuta mkasi umewekwa sehemu moja kati ya tatu: mfuko wa nyuma wa suruali, ndani ya buti, au juu ya tawi ambako umesahauliwa. Mfuko wa nyuma hutoboka, buti huchoma kifundo cha mguu, na tawi limekula mikasi mingi kuliko kutu. Ala ya ngozi inayokaa kiunoni inamaliza yote matatu. Vifaa vyake vinapatikana soko la Mwanjelwa jijini Mbeya, au kwa fundi viatu yeyote aliyekaa mjini Iringa muda wa kutosha kuwa na boksi la mabaki.

Tatizo ni kwamba ala si kiatu na wala si begi, na fundi mzuri wa viatu ndiye anayekosea haraka zaidi kwa sababu mikono yake ina mazoea. Amezoea ngozi laini, gundi nyingi na msharasi wa ndoano, ile sindano ya mpini ya kutobolea ngozi na kuvutia uzi. Ala inadai ngozi ngumu iliyotiwa dawa ya magome, umbo linalotokana na maji, na mshono wa sindano mbili.

Vipimo vya hapa ni vya mkasi wa kawaida wa sentimita 21 hivi, wenye kisu kimoja kilichopinda kinachopita ubavuni mwa ndoano. Mkasi wako ukiwa tofauti, pima wako; usinakili namba.

Ngozi ipi

Hapa ndipo kazi inapofia au inapopona, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Ngozi nyingi ya madukani, na karibu majaketi na mabegi yote ya mitumba, imetengenezwa kwa kromu, dawa ya madini. Ni laini, haichukii maji, na haishiki umbo. Unaweza kuiloweka, kuibana juu ya mkasi usiku mzima, na asubuhi ikarudi kulala kama shuka. Ngozi ya magome ndiyo inayoshika umbo: ikilowa inakuwa kama udongo wa mfinyanzi, ikikauka inabaki ulivyoiacha.

Sisi wa nyanda za juu kusini tuna kicheko kidogo katika jambo hili. Miwati iliyojaa Njombe, mti wenye asili ya Australia, ilipandwa kwa mashamba makubwa tangu 1949 kwa ajili ya gome lake, ambalo karibu theluthi moja ya uzito wake likikauka ni tanini, ile dawa inayogeuza ngozi mbichi kuwa ngozi ya kudumu. Wengi wetu tunaijua miwati kama kuni na mkaa tu, kisha tunazunguka mjini kutafuta ngozi iliyopikwa kwa magome yake.

Njia rahisi ya kuipata ni kuuliza ngozi ya soli. Soli za ngozi kwa kawaida hutengenezwa kwa magome, na fundi viatu huwa na vipande. Soli kamili ni nene mno, milimita 4 hadi 5. Unataka milimita 3, au 3.5 kwa mtu anayepanda ngazi kutwa. Chini ya milimita 2.5 ala italegea mdomoni na mkasi utaanza kuning'inia. Kipande cha sentimita 30 kwa 30 kinatosha na kubakiza, mradi kimetoka mgongoni au begani mwa ng'ombe. Ngozi ya tumbo inavutika ovyo, upande mmoja zaidi ya mwingine.

Muuzaji akikuambia ni ya magome, usibishane naye, jaribu. Kata ukingo uangalie ndani: ya magome ni kahawia mwanzo hadi mwisho, ya kromu mara nyingi ina rangi ya kijivu au samawati katikati. Rangi inaweza kudanganya, kwa hiyo fanya na jaribio la pili. Chukua kipande cha ukubwa wa ukucha wa dole gumba, kitie kwenye maji yanayochemka kwa dakika moja. Cha magome hujikunja, husinyaa na kuwa kigumu kama mfupa. Cha kromu hutoka karibu kama kilivyoingia. Njombe maji huchemka karibu nyuzi 94 tu kwa sababu ya mwinuko, lakini zinatosha, maana ngozi ya magome huanza kusinyaa kabla ya nyuzi 90. Jaribio hilohilo linakufundisha jambo la pili: ngozi hii ikiwa imelowa haipatani na moto.

Jihadhari pia na mikanda ya mitumba inayoonekana minene na mizuri. Mingi ni unga wa ngozi uliogandishwa kwa gundi na kupakwa rangi. Ikunje kwa nguvu: ikipasuka uso na kuonyesha kitu kama karatasi ya boksi, iache hapohapo mezani.

Kupima na kukata

Ala hii ina vipande vitatu: mgongo ulio bapa unaogusa suruali, uso uliotuna kufuata mkasi, na ukanda mwembamba wa kati unaopita kati yao pembezoni. Ukanda wa kati ndio watu huuruka kwa uvivu. Kisu cha mkasi kinashuka kikielekea pembeni, na bila ukanda kitakuwa kinakata nyuzi za mshono kila kinapoingia. Baada ya mwezi ala imefunguka ubavu na lawama zinaenda kwa uzi.

Funga mkasi, ulaze mezani. Chukua ukanda wa karatasi, uanze kwenye meza upande mmoja, upite juu ya mkasi mahali penye bolti, ushuke hadi meza upande wa pili, ukiubana ufuate umbo. Weka alama pale karatasi inapogusa meza. Fanya hivyo sehemu tatu: kwenye bolti, katikati ya kisu, na karibu na ncha. Kwa mkasi wenye upana wa sentimita 5.5 na unene wa 2.2 penye bolti, karatasi itasoma karibu sentimita 9.5. Unene wa ngozi unakula milimita 3 kila upande, na ukanda wa kati, kwa kuinua uso, unarudisha milimita 3 kila upande. Vinafutana. Ongeza sentimita 2 kila upande kwa ajili ya ukingo, upate 13.5. Utapunguza baadaye, ngozi ya kupunguza ipo, ya kuongeza haipo.

Urefu: mkasi uingie sentimita 13, ili sentimita 8 za mikono ya mkasi zibaki nje mkono wenye glovu upate pa kushika. Ongeza 2 za chini. Uso basi ni 13.5 kwa 15. Mgongo una urefu huohuo wa 15, na juu yake ulimi wa upana wa sentimita 5 na urefu wa 10.5 utakaokunjwa kuwa lupu ya mkanda. Ulimi unapanda sentimita 3 juu ya mdomo, unakunjwa kwenda nyuma, unashuka 5 zinazoacha nafasi ya mkanda wa sentimita 4, na 2.5 za mwisho zinafungwa kwenye mgongo.

Chora kwanza kwenye karatasi ya manila. Na ulimi usiuchore wima. Uinamishe nyuzi 15, ili ala ikivaliwa ncha ielekee nyuma na mikono ya mkasi ielekee mbele. Ala iliyo wima haimsumbui mtu aliyesimama, ila akichuchumaa kwenye shina la kahawa, ncha inagonga paja na mkasi unasukumwa juu utoke. Wa mkono wa kushoto ageuze kiolezo kabla ya kukata, si baada.

Kukatia, kisu cha kukatia maboksi chenye wembe mpya kinafaa kuliko mkasi wowote. Pitisha mara tatu nyepesi, usilazimishe mara moja. Wembe ukilazimishwa huinama na ukingo unatoka umelala.

Kufinyanga

Utahitaji fremu. Chukua ubao wa paini wa unene wa sentimita 2 (mbao za Sao Hill zipo kila mahali), chora umbo la mkasi kuanzia ncha hadi sentimita 13, kisha ongeza milimita 3 kuzunguka pande zote. Kata tundu hilo likiwa wazi upande wa mdomo, kama herufi U. Piga msasa ukingo wa ndani wa tundu, unaotazama ngozi, mpaka uwe mviringo. Ukingo mkali hukata uso wa ngozi iliyolowa kama wembe, na alama yake haifutiki.

Andaa mkasi wenyewe. Kwanza, ufunge kwa kitanzi cha mpira wa tyubu juu ya kile kifungio chake. Springi haichoki, kifungio kikiachia usiku, mkasi unafunguka taratibu na kuitanua ngozi, na asubuhi una ala ya chura. Pili, uvike mkasi mifuko miwili ya nailoni na kuubana kwa selotepu. Hii ina sababu mbili. Ngozi ikikauka inabana, kwa hiyo unahitaji upana kidogo wa ziada. Na chuma kikigusa ngozi ya magome yenye maji, tanini na chuma vinazaa weusi kama wino, madoa ambayo sabuni haiyatoi.

Tatu, tengeneza njia ya bolti. Bolti inasimama juu kuliko sehemu nyingine. Ngozi ikiizunguka vizuri kabisa, inageuka mtego, na kila ukivuta mkasi bolti inakwama kwenye shimo lake. Gundisha kwa selotepu kijiti chenye upana sawa na bolti, kuanzia kwenye bolti hadi kupita mdomoni. Kijiti hicho kinaacha mfereji ambao bolti itapita. Watu wanaopenda ala inayokamata sana hukifanya kijiti kiwe chini kidogo kuliko bolti, nusu milimita hivi, na mkasi unatoa mlio mdogo wa kukaa mahali pake. Mimi naona hiyo ndiyo sahihi kwa mtu wa shambani.

Sasa maji. Yawe ya vuguvugu, unayoweza kutia mkono bila kuwaza. Zamisha kipande cha uso peke yake. Vitatoka vipovu, subiri vikome, dakika moja au mbili kwa milimita 3. Toa, kifunge kwa taulo lenye unyevu nusu saa hadi saa. Usiruke hatua hii. Ngozi iliyotoka tu majini imelowa nje kuliko ndani, haishiki umbo vizuri, na hujikunja ikikauka. Iko tayari pale rangi ya uso inapoanza kurudi kama ya ngozi kavu, lakini ukiigusisha shavuni bado ina ubaridi.

Laza mkasi juu ya ubao wa chini, upande bapa ukiwa chini. Kuuzunguka panga mabaki ya ngozi ileile ya milimita 3, ili ukingo wa uso usishuke hadi kwenye ubao bali ubaki juu kwa unene wa ukanda wa kati utakaokuja. Ukisahau mabaki haya, ala itatoka na kina cha milimita 3 zaidi na mkasi utacheza ndani. Funika kwa ngozi, upande laini juu. Anza kuisukuma kwa dole gumba kutoka katikati kwenda nje, taratibu, mpaka ilale yenyewe bila mikunjo. Ndipo ushushe fremu na kuibana kwa klempu nne, au jiliwa, au hata mawe mawili makubwa kama huna haraka.

Kilichobaki ni kuchora umbo: mpini wa kijiko au kitako cha mswaki kilichosuguliwa kikawa laini. Fuata ukingo wa kisu, bolti na springi kwa kusugua, si kukwaruza. Kucha zako zikate kabla. Alama ya ukucha kwenye ngozi hii ni ya milele.

Acha ndani ya fremu usiku mzima. Kesho ondoa fremu na mkasi, ngozi iendelee kukauka kivulini penye upepo. Iringa mwezi wa Agosti siku moja inatosha. Tukuyu mwezi wa Aprili, au Mufindi kukiwa na ukungu, hesabu siku tatu au nne, na usijidanganye kwamba imekauka kwa sababu uso umekauka. Jikoni karibu na jiko la mkaa ni mahali pabaya: uso hukauka mbele ya ndani, unasinyaa, unapata nyufa ndogo na rangi ya kuungua. Jua kali la mchana lina tabia hiyohiyo.

Mgongo na lupu kabla ya kuunganisha

Lupu inafungwa sasa, wakati mgongo bado uko wazi. Ukishashona ala yote, hakuna mkono utakaoingia ndani kugonga riveti.

Mahali ulimi utakapokunjwa, punguza unene kutoka upande wa nyama hadi milimita 2 hivi, kwa upana wa sentimita 2. Lowesha hapo tu, kunja kuzunguka kijiti cha unene wa penseli, acha ikauke. Ngozi ya milimita 3 ikikunjwa kavu hupasuka uso, na lupu ndiyo inayobeba uzito wote. Kisha gundi, mshono wa mraba, na riveti mbili za shaba. Vichwa vya riveti upande wa ndani vigongwe mpaka vilale kabisa. Kichwa kinachojitokeza kitakwaruza kisu.

Gundi ni ile ya njano ya viatu, na kazi yake hapa ni kushikilia vipande wakati wa kushona, basi. Paka pande zote mbili, subiri ikauke hadi isinate kidoleni: dakika 10 hadi 15 panapo joto, 25 kwa baridi ya Njombe ya mwezi wa saba. Uso laini wa ngozi haushiki gundi, kwa hiyo ukanda wa kati, ambao upande mmoja ni laini, uusugue kwa msasa namba 80 kwanza.

Wanaotaka ala idumu zaidi kwenye ncha wanaweza kuongeza kipande cha dumu la plastiki, lile la lita 20, kilichokatwa kufuata kisu na kupachikwa ndani ubavuni. Gundi haitakishika hata ufanyeje. Plastiki ile haikubali gundi. Lazima ukingo wake uingie kwenye mshono.

Mshono

Panga vipande vitatu: mgongo, ukanda wa kati, uso. Ncha ya chini iachwe wazi milimita 8, pasiwe na ukanda wala mshono. Hapo ndipo maji, maganda na vumbi vitatokea. Ala isiyo na tundu chini ni kikombe.

Mstari wa mshono uwe milimita 4 kutoka pale uso unapoanza kutuna. Ukiusogeza karibu zaidi sindano zinapindua umbo, ukiuweka mbali mkasi unatikisika. Weka alama kwa uma wa chakula: meno mawili ya mwisho yakiwa yamekatwa, na mawili yaliyobaki yamesogezwa hadi milimita 5, jino moja likikaa kwenye alama iliyotangulia na lingine likitia mpya. Toboa kwa msharasi mwembamba. Spoku ya baiskeli, yenye milimita 2, ikinolewa pande nne iwe na ncha ya umbo la almasi na kuwekwa mpini wa mti, inatoboa vizuri kuliko msharasi wa ndoano, kwa sababu tundu la almasi hufumba baada ya uzi kupita. Hapa una tabaka tatu, milimita 9. Toboa kwa kusimamisha msharasi wima kabisa. Ukiinama kidogo tu, mbele mstari utakuwa umenyooka na nyuma utakuwa unayumba kama njia ya ng'ombe.

Uzi ni wa nailoni au poliesta, unene wa milimita 1, uliopitishwa kwenye nta mara tatu. Pamba inaoza, tanini na unyevu havimpi muda. Urefu wake hesabu hivi: kila hatua ya milimita 5, kila sindano inatembea 5 mbele na 9 hadi 10 kupenya unene, jumla 15, sindano mbili ni 30. Kwa hiyo uzi ni mara sita ya urefu wa mshono. Mshono wa sentimita 34 unakula sentimita 204, ongeza mikia ya kushika, kata mita 2.5. Kuishiwa uzi zikiwa zimebaki sentimita 4 ni adhabu.

Tia sindano kila ncha ya uzi. Ncha za sindano zivunjwe makali kwa msasa, ili zifuate tundu badala ya kutoboa uzi mwenzake. Pitisha sindano ya kwanza tundu la kwanza, vuta hadi uzi ulingane pande zote mbili. Tundu linalofuata, sindano ya kushoto inapita kwenda kulia. Kisha ya kulia inapita tundu lilelile kwenda kushoto, siku zote ikiwa upande uleule wa uzi wa kwanza, juu au chini, amua moja na usibadilishe. Vuta mikono yote miwili kwa nguvu sawa. Mdomoni, hatua mbili za kwanza zirudiwe mara mbili, maana hapo ndipo mkasi unapopanua kila siku. Ukimaliza rudi nyuma hatua tatu, kata, unguza ncha kwa kiberiti kidogo tu.

Kuna anayeuliza kwa nini asitumie ndoano yake, inamaliza dakika 10. Mshono wa ndoano una nyuzi mbili zinazoshikana katikati ya ngozi. Moja ikikatwa na kisu, nyingine inaachia hatua kwa hatua hadi mwisho. Katika mshono wa sindano mbili, kila tundu lina uzi kutoka pande zote, na ukikata hatua moja zilizobaki hazina habari. Kwenye kiatu tofauti hiyo ni ndogo. Kwenye ala ya kitu kinachokata, ndiyo sababu yenyewe ya kushona kwa mkono.

Kata ukingo uliozidi, ubakize milimita 5 nje ya mshono. Msasa 120, kisha 400. Lowesha ukingo kwa maji ya sabuni ya kipande, sugua haraka kwa mpini laini wa mwiko mpaka tabaka tatu zionekane kama moja na ziwe na mng'ao. Usiloweshe sana, ukingo ukilowa hufunguka kama brashi.

Rangi na nta

Rangi si lazima. Ukitaka nyeusi, ile tabia ya chuma na tanini iliyokuwa adui sasa ni rafiki: steelwool ya kuoshea sufuria au misumari yenye kutu ilale kwenye siki siku nne au tano, chupa ikiwa wazi kidogo kwa sababu inatoa gesi. Chuja. Kwanza paka ngozi chai ya rangi iliyochemshwa kali, vijiko vitatu vya majani kwa kikombe kimoja, iongeze tanini. Ikikauka paka siki. Weusi unaingia ndani ya ngozi, hauhamii kwenye suruali kama rangi ya viatu. Suuza kwa maji safi, kausha tena kivulini.

Kisha nta, na hapa ala lazima iwe kavu kabisa. Sehemu tatu za nta ya nyuki kwa sehemu moja ya mafuta ya nyonyo. Gramu 60 kwa 20 zinatosha ala kadhaa. Yeyusha kwenye kopo lililo ndani ya sufuria ya maji, kamwe si juu ya moto mtupu, maana nta inashika moto. Inayeyuka ikifika kama nyuzi 63. Paka nje kwa kitambaa ikiwa bado maji, pasha ngozi kidogo kwa jua la asubuhi, futa iliyozidi. Ngozi yenye unyevu ikikutana na nta ya moto husinyaa papo hapo na mkasi hauingii tena.

Mafuta ya alizeti, ambayo kila nyumba inayo, yaache jikoni. Yanaganda pole pole yakawa gundi, yanachacha, na vumbi lote la shamba linakaa hapo. Oili chafu ni mbaya zaidi: inalainisha ngozi ikapoteza umbo, inafungua gundi na kuchafua nguo. Na hata mafuta ya nyonyo, ukizidisha, umbo ulilolitafuta kwa siku tatu linalegea kwa wiki moja.

Ala ikitoka imebana mno, vika mkasi mifuko miwili ya nailoni, uusukume ndani, uache usiku mmoja. Bado? Ongeza mfuko wa tatu. Usipake mafuta ndani.

Shambani, kinachoua ala ni dawa kuliko mvua. Wengi huchovya mkasi kwenye maji ya jiki kati ya mti na mti ili wasihamishe ugonjwa, kisha wanaurudisha ukichuruzika. Jiki inakula ngozi na inakula riveti. Mrututu nao, dawa ya ukungu wa mimea, ni chumvi ya shaba, unaacha rangi ya kijani na unaharakisha kutu ya kisu. Ufute mkasi kwa kitambaa, uupungie hewani, ndipo urudi kiunoni. Usiku mkasi usilale ndani ya ala, hasa Rungwe: ngozi ya magome ina asidi kidogo, inahifadhi unyevu, na asubuhi kisu kitakuwa na madoa ya kutu yanayofuata umbo la ala. Ule ute wa kijani unaojitokeza kuzunguka riveti ni shaba inayokutana na mafuta. Unafutwa kwa kitambaa kikavu, na nta mpya inapakwa mara moja kabla ya masika.

Ukungu mweupe ukiota juu, futa kwa spiriti, anika kivulini. Usioshe kwa maji ya moto.